Nani Anamsikiliza Mtoto Akisoma?



Leo twataka kuzungumza juu ya watoto wadogo na masomo yao, yaani wale walio katika PP1 na PP2, na wale wa Gredi ya 1 mpaka ya 3. Huenda ndugu mmoja akasema, "Hayo ni ya walimu. Pasta na atuhubirie wokovu." Twamwomba ndugu huyo asizime redio. Akiwa na Biblia karibu, afungue Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 1 na ya 3.

Hapo Paulo, akiwa kifungoni na akijua kwamba mwisho wake umekaribia, anamkumbusha Timotheo ya kuwa ameyajua Maandiko tangu utoto. Aliyajuaje? Paulo hataji shule wala mwalimu. Anamtaja nyanya mmoja, jina lake Loisi, na mama mmoja, jina lake Eunike. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, ndivyo tusomavyo katika Matendo sura ya 16, wala hatusikii habari yake zaidi. Basi mtumishi yule wa Kanisa alianza masomo yake nyumbani, pengine karibu na jiko, kwa wanawake wawili. Akina baba, tusijifanye hatukusikia.

Wazee wetu huku Kirinyaga na Murang'a walilielewa jambo hili. Zamani za wamisionari mtu alipoingia katika imani, majirani walimwita mũthomi, maana yake msomaji, na wenzake wote waliitwa athomi. Ubatizo na kusoma vilikwenda pamoja. Mtu mzima, mwenye mikono iliyozoea jembe, aliketi na kitabu cha herufi, akahangaika na silabi mpaka akafika kwenye Injili. Leo wajukuu wa watu hao tumewajengea madarasa, tukawanunulia sare na viatu, tukadhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Serikali iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, na mtaala mpya wa umilisi ukaanza mwaka 2019 katika madarasa ya chini nchini kote. Hayo ni mambo mema. Lakini watu wa Uwezo, ambao mwaka 2009 walianza kwenda nyumba kwa nyumba na kuwapa watoto hadithi fupi ya darasa la pili waisome, walikuta mara kwa mara watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kuisoma. Wengi wao walikuwa wakienda shuleni kama wenzao. Walivaa sare kama wenzao. Hata wazazi wao hawakujua.

Sisi wenyewe hatukujua habari hii kwa kusoma ripoti. Tuliijulia mezani kwetu.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga shule, na makanisa pia. Kwa mara ya kwanza tangu kuwekewa mikono tukawa nyumbani jioni baada ya jioni. Mwanetu wa mwisho alikuwa Gredi ya 2. Tulizoea kumwona ameshika kitabu chake, akisoma ukurasa mzima pasipo kukwama, sauti juu kama mtangazaji, nasi tukipita kwenda kikaoni tukimwambia, "Vizuri sana, endelea." Jioni hiyo, kwa kuwa hapakuwa na kikao cha kwenda, tukaketi karibu naye. Akafungua ukurasa wenye picha ya mbuzi, akausoma vyema. Tukaweka kidole juu ya neno moja katikati ya mstari, tukauliza, "Hapa pameandikwa nini?" Mtoto akatazama picha. Tukaifunika picha kwa mkono. Akanyamaza. Neno lilikuwa "maziwa". Mwishowe akasema, "Mbuzi."

Alikuwa amekikariri kitabu chote. Darasani husoma kwa pamoja, wote wakiitikia, naye ana masikio mazuri na kumbukumbu nzuri, basi akajificha ndani ya sauti za wenzake mwaka mzima na zaidi.

Ingependeza tuwaambieni kwamba tulimkumbatia. Hatukufanya hivyo. Tulipaza sauti. Tulimlinganisha na dada yake. Jioni tatu tuliketi naye kwa namna hiyo, na kila jioni alisoma vibaya kuliko jana yake. Siku ya nne kitabu kikapotea. Mama yake alikikuta baada ya siku mbili ndani ya gunia la mahindi, na alipomwuliza mtoto kwa upole kilifikaje huko, alijibiwa hivi: "Baba akienda kanisani nitasoma."

Na kanisa lilikuwa limefungwa.

Ndugu zetu wa uamsho wametufundisha kutembea nuruni, nasi tumewaongoza watu wengi kuungama makosa yao mbele ya wake zao na majirani. Lakini kumwomba msamaha mtoto wa miaka minane kulitushinda siku mbili nzima. Siku ya tatu tulimfuata zizini, tukamwambia tumekosa. Akasema, "Sawa, Baba," akaendelea kumpa ndama majani. Watoto hawana maneno mengi.

Baada ya hapo tulimwendea mwalimu mmoja mstaafu wa parokia yetu, mama aliyefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi. Tukasimama mbalimbali uani pake, kama ilivyotupasa siku zile, naye akatueleza mambo ambayo chuo cha theolojia hakikutufundisha. Twataka kuyapitisha kwenu kama tulivyoyapokea.

Alianza na sikio. Alisema kabla mtoto hajaona herufi, sharti asikie kwamba neno lina vipande. Mwambie apige makofi akitamka "maziwa", naye apige mara tatu: ma, zi, wa. Mwulize ni neno gani jingine linaloanza kama "mama". Michezo hii haitaki kitabu wala taa, na yaweza kufanywa mkiosha vyombo au mkitembea kwenda kisimani. Mtoto asiyesikia vipande hivi huona herufi kama michoro tu, na hapo hukimbilia kukariri.

Kisha huja herufi na silabi. Hapa tuseme wazi jambo linalowaudhi wazazi wengine. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa msomaji mchanga. Ina irabu tano, na kila irabu hushika neno lake: a ni a popote utakapoikuta. Kikuyu kina irabu saba, ndiyo maana tunaandika ĩ na ũ zenye alama, lakini nacho ni kiaminifu. Kiingereza sivyo. Tazameni neno "cut" na neno "put": herufi ya katikati ni ile ile, nazo zasomwa mbali mbali. Mtoto aliyekwisha kupata ufunguo kwa lugha anayoielewa ataweza kuufungua mlango ule mgumu baadaye. Yule anayeanzia kwenye mlango mgumu, na katika lugha asiyoisikia nyumbani, ana kazi mbili kwa pamoja: kutafuta sauti, na kutafuta maana.

Haya si mageni nchini. Tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976 imeagizwa kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali anapokaa. Lakini ni sisi wazazi tunaowashurutisha walimu, tukitaka mtoto wa PP1 aje nyumbani akisema Kiingereza ili majirani wasikie. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwaambia watu wajifunze kwanza lugha ya wakubwa. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao.

Na mtoto wa huku kwetu akiandika "kurara" badala ya "kulala", msimcheke. Kikuyu hakina sauti ya l, naye ameandika alivyosikia, jambo linaloonyesha kwamba anasikiliza. Msahihisheni polepole. Sisi tungali tunalisema hivyo hivyo mimbarani mara moja moja, na hakuna aliyetoka kanisani.

Jambo la tatu alilotueleza mwalimu ndilo lililotufungua macho zaidi. Alisema akili ya mtoto ni kama kikapu kidogo. Akisoma "Ku-ku... wa... nya-nya... a-me-ta-ga... ma-ya-i...", anapofika kwenye mayai, kuku amekwisha kuanguka kutoka kikapuni. Hajui tena ni nani aliyetaga. Si mjinga, nguvu zote zimekwisha katika kuunganisha silabi. Kwa hiyo kuusoma ukurasa mmoja mara tatu au nne si kupoteza wakati. Mara ya kwanza anapambana na silabi, mara ya pili maneno yanamjia, mara ya tatu anaanza kumwona yule kuku. Hapo ndipo umwulize, "Nani alitaga? Wapi? Unadhani nyanya alifanya nini?"

Mbona haraka hii? Kwa sababu miaka hii mitatu ni mifupi. Mtoto akifika Gredi ya 4, masomo huwa mengi na lugha ya kufundishia huwa Kiingereza. Kitabu cha sayansi hakimfundishi kusoma. Kinadhani anajua tayari. Mwalimu wa hapo ana watoto wengi na mambo mengi ya kumaliza. Yule asiyesoma hukaa nyuma, akijifunza kunyamaza, na wengine wa namna hiyo tumewakuta katika darasa la kipaimara wakiwa na miaka kumi na minne, wakisogeza midomo wakati wenzao wakisoma, kama mwanetu alivyofanya. Sivyo kwamba wamechelewa wasiweze kufundishwa. Lakini aibu imekwisha kuwa ndefu kuliko wao.

Sasa kuna wazazi wanaosikiliza na kusema moyoni, "Pasta anasema vizuri, lakini mimi mwenyewe sikusoma." Tunataka kuwaambia habari za nyanya mmoja wa kanisa letu la tawi. Hajui kusoma hata jina lake. Alikuwa akilea wajukuu watatu, na ilijulikana kwamba wote watatu walisoma kuliko watoto wa majirani, hata kuliko watoto wa Pasta. Tulimtembelea jioni moja. Githeri iko motoni, naye ameketi kwenye kigoda, na kila mjukuu anakuja kwa zamu na kitabu chake kumsomea. Ana maneno matatu tu: "Soma polepole." "Rudia hapo." "Haya, niambie maana yake."

Tukamwuliza, "Cucu, utajuaje kwamba amekosea?"

Akacheka. "Pasta, herufi sizijui. Lakini upuzi naujua. Akisoma kitu kisicho na maana namwambia arudie."

Ndugu wasikilizaji, tumesoma vitabu vingi, lakini hatujapata mafundisho ya usomaji yaliyotimia kuliko hayo. Mtoto anahitaji mtu wa kumsomea, mtu anayengoja kujua hadithi itakwendaje. Mwalimu mwenye watoto hamsini hawezi kuwa mtu huyo kwa kila mmoja kila siku, hata angekuwa malaika. Nyanya mmoja aliyeketi kigodani anaweza.

Basi tufanyeje? Robo saa kila jioni yatosha, na iwe kabla ya chakula, maana baada ya ugali mtoto amelala. Simu iwekwe mbali, na ya baba pia. Mtoto akikwama, msimrukie. Hesabuni moyoni mpaka tano. Mara nyingi atalipata neno mwenyewe, na lile alilolipata mwenyewe halimtoki tena. Akishindwa, mpeni silabi ya kwanza. Akikosea lakini maana haikuharibika, mwacheni amalize sentensi ndipo mrudi. Na siku akichoka, someni ninyi, yeye asikilize.

Vitabu hakuna? Pakiti ya unga ina maandishi. Kalenda ya ukutani, sabuni, ubavu wa matatu, vyote vina maandishi. Kitabu cha nyimbo cha kanisa ni kizuri sana kwa sababu mtoto anayajua maneno tayari kwa kuyaimba. Ila hapo jihadharini na ujanja ule tuliousimulia! Mwekee kidole kwenye neno la katikati ya ubeti, halafu kwenye la mwisho, uone kama anasoma au anaimba.

Hesabu nayo ni vivyo hivyo, hatutakawia hapo. Maharagwe, vizibo vya soda, njiti za kiberiti. Fungeni njiti kumi kumi kwa uzi: mafungu manne na njiti saba ni arobaini na saba, mafungu saba na njiti nne ni sabini na nne, na mtoto aliyeyashika mafungu hayo mkononi hatayachanganya ubaoni. Kuku wakiingia jioni, ni yeye awahesabu. Akitumwa dukani, atangulie kusema atarudishiwa chenji ngapi.

Tunawasikia wazazi wakinung'unika juu ya kazi za nyumbani zinazoletwa na mtaala huu, mara kuokota majani, mara kutafuta picha za kuchapishwa saa tatu ya usiku. Manung'uniko mengine yana haki, na ni vema yapelekwe kwa mwalimu kwa heshima. Lakini mzazi akifanya kazi ile yote mwenyewe ili iwe nzuri, ajue kwamba ni yeye anayepewa alama.

Na fimbo? Sheria iliondoa fimbo katika shule za Kenya mwaka 2001. Tunawasihi muiondoe na katika kitabu cha nyumbani. Mtoto anayeogopa hutazama uso wa baba badala ya kutazama herufi. Tulimwona wetu akifanya hivyo. Tena kabla hamjamwita mvivu, tazameni macho na masikio yake. Anayeleta kitabu karibu na pua, au anayeuliza "nini?" kila mara, au ambaye sikio lake hutoa usaha, apelekwe zahanati kwanza.

Sasa, Kanisa. Shule ya Jumapili tunaifikiria kama mahali pa nyimbo na mistari ya kukariri. Robert Raikes alipoanzisha zake huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, alikuwa anawafundisha kusoma watoto maskini waliofanya kazi siku sita za juma. Kusoma kulikuwamo tangu mwanzo. Kwetu jambo hili lilianza kwa shida. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, watoto walio chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa kuhudhuria ibada. Basi tukawatumia kazi nyumbani: mistari mitano, asomewe mtu mzima yeyote. Watoto waliporudi kanisani, akina mama wakaomba jambo lile lisife, tukafungua chumba cha nyuma ya kanisa kila Jumamosi saa nne. Kuna mkeka, kuna vitabu vichache vilivyochoka, na kuna watu wazima wa kusikiliza.

Wanaume wa KAMA nao tuliwaalika. Mmoja wao, fundi hodari ambaye madawati ya kanisa ni kazi ya mikono yake, alikuja Jumamosi ya kwanza, na msichana mdogo alipomletea kitabu akasimama, akasema ameacha kazi mahali, akaondoka. Tulimdhania ni mtu wa haraka. Baadaye alitujia usiku, kama Nikodemo, akatuambia kwamba hajawahi kujua kusoma, wala mkewe hajui kwamba hajui. Hatukuwa na hekima nyingi ya kumpa. Tulimsimulia maneno matatu ya cucu. Jumamosi iliyofuata alirudi, akaketi kwenye mkeka na kofia yake magotini. "Soma polepole," tulimsikia akisema. Baada ya majuma kadhaa tuliona kwamba kidole chake kinafuata kidole cha mtoto.

Na mwanetu? Shule zilifunguliwa kwa wote Januari 2021. Kabla ya hapo, jioni moja ya mwezi wa Septemba, mvua ikinyesha, alikuja mwenyewe na kile kitabu chenye harufu ya mahindi, akafungua ukurasa wa mbuzi, akaifunika picha kwa mkono wake mwenyewe. Akasoma polepole, akikwama hapa na pale, si kwa ile sauti ya mtangazaji. Alipofika kwenye "maziwa" akatutazama kwanza, kisha akaendelea.

Na tuombe. Ee Baba, Mwanao alipokuwa mtoto aliketi hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Waangalie watoto watakaofungua kitabu jioni hii katika nyumba zetu. Waangalie na wale walioficha vitabu vyao. Wape akina nyanya nguvu. Nasi akina baba, tuketishe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.